Jumanne katika Ofisi ya Maji ya Korpi

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Verna Kangas alifungua mlango wa Ofisi ya Maji ya Korpi, akavua buti zake zilizojaa theluji, akavaa viatu vya ndani, akawasha taa, kisha mashine ya kahawa, na mwisho kompyuta. Nje ilikuwa Februari, baridi ya kupasua mawe. Ndani ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, na dirishani majani ya manjano yalikuwa yanadondoka uani moja moja, bila haraka.

Kompyuta ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Halafu ikaleta tangazo lake: mfumo unaoendesha mashine hii umefikia mwisho wa huduma, tafadhali weka mfumo mpya. Chini ya tangazo palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisema Weka sasa. Kingine kilisema Nikumbushe kesho. Verna alibonyeza cha pili kabla hata hajavuta kiti.

Ilikuwa mara ya themanini na saba.

Mara ya kwanza alikibonyeza kama anavyobonyeza mtu yeyote mwenye kazi nyingi, jioni ya Jumanne yenyewe, akazima taa, akaenda nyumbani. Mumewe Reino alikuwa amelala kifudifudi juu ya lundo la majani, reki iko pembeni. Gari la wagonjwa lilitoka mbali, likafika wakati hakuna tena haja ya kuwahi. Walimzika Jumamosi. Jumatatu iliyofuata Verna alirudi kazini kwa sababu nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Akakuta kompyuta bado inasema ni Jumanne, na tangazo limekaa pale pale linamsubiri. Akaliahirisha. Saa sita kamili mchana mlango ukafunguliwa, Reino akaingia na pasti mbili ndani ya karatasi ya rangi ya fedha, zile sambusa kubwa za wachimba chuma, moto bado, akauliza kama kahawa imebaki.

Verna alimmiminia kahawa. Angefanya nini kingine? Walikula. Saa saba Reino akabusu utosi wa mkewe, akatoka, na alipovuka kizingiti hakuwepo tena, palikuwa na barabara tu. Kesho yake Verna aliwahi kazini, akaahirisha tena, na saa sita Reino akaja na pasti mbili.

Mji wa Korpi uko kaskazini mwa Minnesota, Marekani, una watu mia saba na kidogo, na habari haikuhitaji kutangazwa. Watu walizoea ndani ya wiki. Mwenye miadi ya kung'olewa jino Alhamisi alikuja kukaa kwenye benchi la ofisi ya maji, maana humo Alhamisi haifiki. Mjamzito wa mtaa wa pili, ambaye siku zake zilikuwa zimepita, alimpiga marufuku hata mumewe kukanyaga pale asije akaibeba Jumanne nyumbani. Leseni zote za mbwa za majira yale, ambazo nazo hutolewa hapo, zilitoka na tarehe moja. Juu ya kaunta palikuwa na sahani yenye kipande kimoja cha mkate wa karanga. Watu wa Korpi hawali kipande cha mwisho, huona ni ulafi. Kila mmoja hukata nusu na kumwachia mwenzake nusu. Walikikata mpaka kikawa chembe, na asubuhi kilikuwa kizima tena.

Na Reino alikuwa na wageni wake. Meya, Duane Pelto, alifika mchana mmoja na kofia mkononi.

"Reino, ile ngazi yangu uliiweka wapi?"

"Si iko nyuma ya kibanda chako mwenyewe cha sauna, bwana. Niliirudisha Agosti, ukaniambia iache hapo hapo."

"Aa. Nimenunua nyingine tayari."

"Basi unazo mbili. Hujambo lakini?"

"Si haba. Na wewe?"

"Si haba," alisema Reino, akasugua mkono wake wa kushoto.

Hilo ndilo jibu la Korpi. Mtu amevunjika mguu, si haba. Nyumba imeungua, basi si haba, banda limepona. Ukimsikia mtu wa Korpi anasema mambo ni mabaya, jua ni mgeni au yuko karibu kukata roho. Hakuna aliyemwambia Reino kwamba amekufa. Lilikuwa suala la adabu. Utamwambiaje mtu jambo kama hilo, naye ana chakula mdomoni?

Verna alikuwa amejaribu. Alimwambia Reino twende hospitali sasa hivi, mkono huo ni moyo. Reino alicheka, akasema si haba, ameulalia vibaya. Aliwahi kufunga mlango kwa ufunguo na kuukalia, na ilipogonga saa saba kiti cha Reino kilikuwa kitupu na mlango bado umefungwa. Basi aliacha. Alijifunza kupokea saa moja, na saa moja si kidogo kwa mtu aliyekuwa hana hata dakika. Jioni alikwenda nyumbani kwenye Novemba, kwenye Desemba, akalala upande wake wa kitanda, na asubuhi akarudi kwenye Jumanne.

Aliyevuruga mambo alikuwa Marlys Pretnar.

Marlys ni mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watoto mia, na ni rafiki wa Verna tangu wote wawili walipokuwa wanavaa soksi za kufanana. Siku ile ya themanini na saba aliingia saa tatu asubuhi akiwa bado na aproni chini ya koti. Hakugusa sahani ya mkate.

"Mwenzangu, majibu ya maji."

"Hayajafika."

"Yatafikaje? Sampuli zilichukuliwa Jumatatu kwenye bomba zangu za jikoni. Maabara ilisema Jumatano. Hapa kwako Jumatano itakuja lini, mpaka nife?"

Verna alipanga kalamu zilizokuwa zimepangika.

Jambo lilikuwa hivi. Mabomba ya Korpi yalizikwa na babu zao, na baadhi yalikuwa ya madini ya risasi. Risasi ndani ya maji haina rangi wala harufu, na huwadhuru zaidi watoto: huingia kichwani na haitoki. Maabara ilituma majibu kwenye kompyuta ya ofisi ya maji, na kompyuta ilikuwa Jumanne. Ikatuma kwa barua. Tarishi aliibeba barua kutoka posta akiihisi mkobani, na alipovuka kizingiti cha ofisi, mkobani zilikuwemo za Jumanne tu. Alijaribu mara tatu, akaona aibu, akairudisha ilikotoka. Mkuu wa shule naye alishasema: bila karatasi kutoka ofisi ya maji, hawezi kufunga bomba wala kuagiza maji ya chupa.

"Labda majibu ni mazuri," alisema Verna.

"Labda. Nami nitafurahi, nitakuja kukubusu." Marlys aliegemea kaunta. "Lakini nimepika maharage kwa maji hayo miezi minne, Verna. Kila nikifungua bomba nafumba macho. Unajua nina watoto wangapi wa chekechea mwaka huu? Kumi na tisa. Wale wanakunywa kama ndama."

"Usiniambie."

"Nitakwambia, maana wengine wote wanakuonea huruma. Mimi pia nakuonea. Nilimpenda Reino, alinitengenezea oveni mara ngapi, Mungu amrehemu, na ataingia hapo saa sita nitamsalimu. Lakini wazee walisema leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Wewe umekuwa mwongo mara themanini na ngapi?"

"Saba," alisema Verna.

Marlys alimshika mkono juu ya kaunta, akauminya, akaondoka kwenda kupika. Uani majani yaliendelea kudondoka.

Saa nne Verna alimpigia simu Curtis Lindgren, mtu wa kompyuta wa wilaya, na saa tano alikuwa pale na mkoba wake. Curtis alikuwa amemsihi tangu Oktoba. Alivua miwani, akaifuta ukungu, akatoa orodha.

"Nianze na faida, mama Kangas. Mfumo mpya ni salama. Huu wa kwako sasa hivi ni nyumba isiyo na mlango."

"Watu wanasema unahamisha vitu. Kwamba kila kitu unakikuta pengine."

"Utazoea ndani ya wiki mbili. Printa yako haitakubali, nakwambia ukweli. Ile imekula chumvi nyingi. Programu ya pampu itakubali. Majalada yote ya wateja yatabaki, nimeshaweka nakala. Hakuna kitakachopotea."

"Na Reino?"

Curtis alipitisha kidole kwenye orodha yake, ukurasa wa kwanza, kisha wa pili.

"Huyo hayumo kwenye vinavyohamishwa."

"Huwezi kumweka pembeni? Kwenye kile kidude cha kuhifadhia?"

"Ana ukubwa gani?"

"Kilo tisini na mbili."

Curtis aliwaza kwa uaminifu. Kisha akatikisa kichwa. Alisema mfumo wa zamani haurudi ukishaondolewa, kwa hiyo asikubali mtu yeyote amharakishe, hata yeye. Lakini itachukua dakika arobaini na tano, na kitufe ni kimoja tu, hakihitaji mtu wa wilaya kukibonyeza. Alimwachia orodha, akakata nusu ya kipande cha mkate, akaenda zake.

Saa sita kamili Reino aliingia na pasti mbili.

Alikaa, akafungua karatasi ya fedha, mvuke ukatoka. Verna alimtazama anavyosukuma pembeni mizizi ya njano ya ndani ya pasti, aina ya tanipu, aliyokuwa akisema anaipenda kwa miaka thelathini na nane ili asimuudhi mama yake Verna, na baadaye Verna mwenyewe. Moyo ulimuuma kwa mapenzi, tena ulimuuma hasa.

"Mkono unaendeleaje?"

"Si haba."

"Reino, nimekuuliza hivyo mara themanini na sita. Leo usiniambie si haba."

Reino aliweka uma chini. Alitazama mkono wake wa kushoto kwa muda.

"Unauma," alisema. "Tangu Jumapili. Unapanda mpaka kwenye taya."

"Mbona hukusema?"

"Ungefunga ofisi. Ungenipeleka hospitali Duluth kwa mwendo wa kichaa, na barabara ile ina paa wengi."

"Ningekupeleka, ndiyo."

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

Verna alijifuta macho kwa karatasi ya mezani. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na kilio kilikuwa kimeshalia Oktoba, mbele ya mji mzima, kwa kahawa na keki kwenye ukumbi wa kanisa. Alimweleza. Hakutumia maneno mengi. Alimwambia kuhusu reki, kuhusu gari la wagonjwa, kuhusu kitufe. Reino alisikiliza akiwa amekunja uso kidogo, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Nilidhani pasti zinakuwa na ladha moja siku hizi," alisema. "Nimelala wapi?"

"Karibu na mama yako."

"Kivulini au juani?"

"Juani."

"Si haba," alisema Reino, na wote wawili walicheka mpaka Verna akashika meza.

Walipotulia, akamweleza habari ya maji. Reino hakucheka tena. Alinyanyua glasi iliyokuwa mbele yake, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa safi, huoni kitu.

"Na watoto wanakunywa hivi sasa?"

"Saa hii wako kwenye chakula cha mchana."

"Wewe ulidhani majibu yatasemaje?"

"Sikutaka kudhani."

"Verna."

"Mabaya," alisema Verna. "Nilijua ni mabaya. Nilijua tangu mara ya pili. Nilikutaka wewe."

Hakuwahi kulisema hata kimoyomoyo. Reino alivuta kiti chake kikazunguka meza mpaka akakaa ubavuni kwake, mbele ya kompyuta, bega kwa bega, kama walivyokaa kanisani. Alimuuliza ni kitufe kipi. Alipoonyeshwa, hakukigusa. Alimwambia tu kwamba pasti ya Verna inapoa.

Saa sita na dakika ishirini Verna alirudisha tangazo kutoka lilikojificha, akabonyeza Weka sasa.

Kompyuta ilisema asilimia mbili. Ikasema usizime mashine hii. Walikula. Kwenye asilimia kumi na tisa Reino alimwambia mafuta ya gari la kubeba mizigo yabadilishwe kabla ya masika, na Verna akasema yamebadilishwa. Kwenye asilimia arobaini akamuuliza kama kuna mtu aliyelia mazishini akamshangaza, na Verna akasema Duane Pelto, kwa sauti, mpaka akatolewa nje. Reino alifurahi sana. Kwenye asilimia sitini na moja Verna akamshika mkono, ule wa kushoto, wenye kuuma. Kwenye themanini na nane skrini ilizima ghafla, ikawa nyeusi, na Verna akainama kuangalia kama ameharibu kitu.

Ilipowaka tena alikuwa peke yake. Pasti ya upande wa pili ilikuwa imeliwa nusu. Mizizi ya njano ilikuwa yote pembeni.

Halafu Jumatano iliingia. Majani yaliyobaki yalianguka kwa mkupuo. Simu ililia; ilikuwa binamu wa Reino kutoka Michigan, akipiga Oktoba, akisema ndio kwanza amepata habari, pole sana, pole sana. Verna alimshukuru. Ikalia tena. Mlango ulifunguka wenyewe na maua yakaingia, ya shirika la wastaafu wa mgodi, ya darasa lao la sekondari, mabichi bado, yakanyauka mbele ya macho yake wakati theluji ya Novemba ikipanda dirishani. Barua zote zilizoshindwa kuvuka kizingiti zilirundikana kwenye zulia. Taa za Krismasi ziliwaka mtaani, zikazima. Verna alifungua kadi moja moja. Kulikuwa na watu waliomkumbuka Reino kwa mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyajua, betri ya gari aliyomwashia mtu kwenye maegesho, pasi ya mpira ya mwaka wa sabini na tisa. Alilia miezi minne yote mchana ule mmoja, kwa sauti, na waliopita nje walivua kofia wakaendelea na safari zao. Saa kumi na moja ndani ya ofisi ilikuwa Februari.

Majibu ya maabara yalikuwa chini kabisa ya lundo. Maji ya bomba la jikoni mwa shule yalikuwa na risasi mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa.

Verna aliyasoma mbele ya baraza la mji Alhamisi. Hakupunguza neno. Alisema ni mabaya, mabaya sana, na kwamba yeye ndiye aliyeyachelewesha, na anaomba radhi kwa kila mzazi aliyeko ukumbini. Watu walitazama viatu vyao. Hakuna aliyemlaumu. Mwanamke mmoja mwenye mtoto wa chekechea alikuja akamkumbatia, na hilo lilimuuma kuliko ambavyo kofi lingemuuma.

Duane Pelto alisafisha koo. Alisema baraza linamshukuru Verna kwa ujasiri wake. Alisema pia, kwa masikitiko, kwamba karatasi ni ya Oktoba. Kwa mujibu wa kanuni za baraza, majibu yaliyozidi siku tisini hayawezi kufanyiwa uamuzi. Zitahitajika sampuli mpya.

"Lini?" aliuliza Marlys kutoka nyuma.

"Ratiba inasema Juni."

"Juni shule imefungwa, Duane!"

"Ndiyo. Itakuwa rahisi zaidi, watoto hawatakuwa njiani."

Walipiga kura. Hoja ya kungoja Juni ilipita bila upinzani, wakafunga kikao kwa kahawa.

Dada yake Verna ana kisima shambani, maili kumi na mbili nje ya mji, kimechimbwa kwenye mwamba na kimepimwa. Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua ofisi, Verna aliendesha gari la Reino mpaka huko, akajaza madumu, akafunga kamba, akarudi polepole kwa ajili ya barafu. Gari lilibeba madumu kumi na mawili, zaidi ya hapo springi zililalamika. Marlys alimpokea kwenye mlango wa nyuma wa jikoni. Waliyashusha wawili, bila kuzungumza sana, mikono ikiganda, na wakahesabu vikombe.

Yalitosha chekechea na darasa la kwanza. Kuanzia darasa la pili, walikunywa ya bombani.